Sura ya 6: Jicho Bila Mkono

Tarehe 29 Februari 2012, taasisi ya Raspberry Pi Foundation ya Cambridge, Uingereza, ilianza kuuza kompyuta iliyokamilika juu ya bodi moja yenye urefu wa milimita 85 na upana wa milimita 56. Bei yake ilikuwa dola 35. Waanzilishi wake, Eben Upton na wenzake, waliwalenga watoto: walitaka mwanafunzi ajifunze kuandika programu kwenye kompyuta ambayo hata akiiharibu, nyumba haitatikisika. Wanafunzi waliipata, lakini mafundi wa viwandani nao hawakuchelewa. Kampuni ya biashara ya taasisi hiyo ilipoingia kwenye soko la hisa la London mwezi Juni 2024, zaidi ya nusu ya bodi ilizokuwa ikiuza zilikuwa zikienda viwandani na ndani ya vifaa vya biashara.

Sababu yake ni rahisi kuiona. Programu za kufuatilia mitambo zilizozoeleka huuzwa kwa leseni, na nyingi hutoza kwa idadi ya vipimo unavyosoma. Juu ya hapo kuna kompyuta ya viwandani na mtaalamu wa kuja kuifunga. Mwenye mashine ya kukoboa na kusaga mahindi, mwenye mota tatu na paneli moja ya umeme, hakuwa na haja hata ya kuuliza bei. Leo fundi wake anaweza kununua bodi ndogo, akapakua programu zisizolipiwa, na kabla ya jioni akaona kwenye simu yake volti za fezi zote tatu.

Sura hii inaeleza jinsi ya kufika hapo, na inasimama juu ya kanuni moja: kompyuta hii iwe jicho la kiwanda, isipewe mkono. Isome, ihifadhi, ionyeshe, ipige kengele. Kuwasha na kuzima mota tuviachie vifaa vilivyoundwa kwa kazi hiyo.

Mkono ulishapata mwenyewe

Mwishoni mwa miaka ya 1960, mitambo ya viwanda vya magari vya Marekani iliendeshwa na makabati yaliyojaa relei. Ilipokuja modeli mpya ya gari, mafundi waling'oa nyaya na kuzifunga upya, relei kwa relei. Mwaka 1968 General Motors wakatangaza kwamba wanatafuta kifaa kitakachobadilishwa kazi kwa kubadilisha programu tu. Richard Morley na wenzake wa Bedford Associates wakajibu kwa kifaa walichokiita Modicon 084, kwa kuwa kilikuwa mradi wao wa 84. Hapo ndipo PLC, yaani kidhibiti kinachopangwa kwa programu, ilipoanzia, na hadi leo ndiyo inayoendesha mikanda, boila na pampu duniani kote.

PLC ina nidhamu moja. Inasoma swichi na vihisi vyote, inapiga hesabu, inatoa amri, kisha inarudia, na kila mzunguko unakamilika ndani ya milisekunde zinazojulikana. Programu yake ikikwama, ulinzi uliomo ndani yake unaisimamisha. Raspberry Pi haikulelewa hivyo. Inaendesha Linux, mfumo unaogawa muda wa prosesa kwa kazi nyingi kwa zamu, na kazi yako inaweza kusubiri huku mfumo ukiandika kitu kwenye kadi. Grafu ikichelewa nusu sekunde, hakuna aliyedhurika. Swichi ya dharura ikichelewa nusu sekunde wakati nguo ya mtu imenaswa na mkanda, hilo ni jambo jingine kabisa.

Kwa hiyo kabla hujashika bisibisi, hakikisha kontakta, ovalodi, breka na relei ya kulinda fezi vipo na vinafanya kazi bila kuitegemea kompyuta. Mota ya fezi tatu ikipoteza fezi moja huendelea kuvuta, hupata joto, na koili huungua. Kuikata ni kazi ya relei. Kazi ya jicho ni kukuambia kwamba fezi ya pili imekuwa ikishuka kila jioni kwa wiki nzima, jambo ambalo relei haitakuambia.

Umeme, kadi na saa

Mifumo mingi ya aina hii hufa kwa sababu zisizohusiana na programu. Ya kwanza ni umeme. Raspberry Pi 4 inataka volti 5 na uwezo wa ampea 3. Chaja ya simu iliyookotwa kwenye droo huiwasha, ikaonekana nzima, kisha ikayumba mara kazi inapozidi. Volti zikishuka hadi karibu 4.63, bodi yenyewe huweka alama ya onyo. Andika amri `vcgencmd get_throttled`. Jibu likiwa `0x0`, umeme unatosha na joto halijapita kiasi. Jibu lolote jingine lishughulikiwe kabla ya kuendelea. Joto nalo lipimwe paneli ikiwa imefungwa, mchana, mashine zikiwa zinafanya kazi, kwa sababu prosesa ikifika nyuzi 80 huanza kujipunguzia kasi.

Ya pili ni kadi ya kumbukumbu. Kadi hizi zilitengenezwa zikitarajia picha na muziki, yaani kuandikwa mara chache na kusomwa mara nyingi. Hifadhidata hufanya kinyume: huandika mchana na usiku. Umeme ukikatika kadi ikiwa inaandikwa, mafaili huharibika na bodi inaweza kukataa kuwaka. Dawa ni diski ya SSD inayochomekwa kwenye USB, pamoja na betri ndogo ya kuishikilia bodi hadi ijizime yenyewe taratibu. Kama pesa haitoshi kwa vyote, anza na diski, na uweke kadi ya akiba yenye nakala ya mfumo mzima.

Ya tatu husahauliwa na wengi: saa. Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri. Ikiwaka huendelea na saa iliyoikumbuka mara ya mwisho, kisha huuliza saa sahihi kwenye intaneti. Umeme ukirudi usiku na ruta ikachelewa au bando likawa limekwisha, vipimo vya saa nane usiku vinaandikwa kuwa ni vya saa nne. Grafu itapendeza, na itakuwa ya uongo. Moduli ndogo ya saa ya DS3231, inayofungwa kwenye pini za bodi, huondoa tatizo hilo. Raspberry Pi 5 ina saa ndani yake, lakini betri yake hununuliwa kando.

Na neno moja kuhusu pini hizo 40. Zinavumilia volti 3.3. Paneli za viwandani zinatumia volti 24. Waya mmoja ukikosea njia, bodi imekwenda. Ndiyo maana katika sura hii hatuzigusi kwa vipimo vya kiwandani, tunapitia USB.

Kusakinisha, kuanzia chini kwenda juu

Pakua programu ya Raspberry Pi Imager kwenye kompyuta yako ya kawaida. Chagua mfumo wa Raspberry Pi OS Lite wa biti 64. Lite haina madirisha wala picha, na hatuvihitaji, kwa kuwa tutaitazama bodi kupitia kivinjari. Biti 64 ni lazima, kwa sababu InfluxDB ya toleo la 2 haikutengenezewa mfumo wa biti 32. Kabla ya kuandika kadi, Imager hukuruhusu kuweka jina la mtumiaji, nenosiri, jina la bodi, majira ya mahali ulipo na ruhusa ya kuingia kwa SSH, yaani kuiandikia bodi amri ukiwa kwenye kompyuta nyingine. Jaza vyote. Zamani kila bodi ilikuja na mtumiaji anayeitwa `pi` mwenye nenosiri linalojulikana dunia nzima. Tangu Aprili 2022 waundaji waliliondoa, na walifanya vyema.

Bodi ikiwaka, ingia kwa SSH na uanze na `sudo apt update`, kisha `sudo apt full-upgrade`. Baada ya hapo tunapanga programu nne.

Ya kwanza ni Mosquitto, inayopokea na kusambaza ujumbe kwa itifaki ya MQTT. Itifaki hiyo iliundwa mwaka 1999 na Andy Stanford-Clark wa IBM na Arlen Nipper, kwa ajili ya kufuatilia mabomba ya mafuta kupitia setilaiti, mahali ambapo kila baiti ililipiwa. Ndiyo maana ujumbe wake ni mfupi, na ndiyo maana inavumilia mtandao unaokatika. Inasikiliza kwenye poti 1883.

Ya pili ni Node-RED, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Nick O'Leary na Dave Conway-Jones, nao wa IBM. Hapa unaburuta visanduku kwenye kivinjari na kuviunganisha kwa mistari: kimoja kinasoma mita, kingine kinageuza namba, cha tatu kinatuma. Poti yake ni 1880. Ya tatu ni InfluxDB, hifadhidata inayopanga kila kipimo kwa saa yake, kwenye poti 8086. Ya nne ni Grafana, inayochora grafu na kutuma taarifa za hatari, kwenye poti 3000.

Fuata utaratibu huo huo, na usipande ngazi ya pili kabla ya ile ya chini kujibu. Fundi anayesakinisha zote nne kwa mpigo kisha akafungua Grafana na kukuta ukurasa mtupu hajui aanzie wapi kutafuta. Anayepima kila hatua anajua.

Kisha ziamuru zijiwashe zenyewe. Kwa Node-RED amri ni `sudo systemctl enable nodered.service`, na nyingine hufuata mtindo huo. Ukimaliza, zima bodi kwa utaratibu wa `sudo poweroff`, kata umeme, urudishe, na usiguse kitu. Grafu zikirudi zenyewe bila wewe kuandika amri hata moja, usakinishaji umekamilika. Zisiporudi, haujakamilika, hata kama jana kila kitu kilikuwa kinafanya kazi.

Namba mbili zinazotengeneza volti

Sasa tuifikie mita. Tuseme ni Eastron SDM630, mita ya fezi tatu inayoonekana kwenye paneli nyingi. Inazungumza Modbus, itifaki iliyotolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979 kwa ajili ya PLC zake, ikafunguliwa kwa wote na kwa hiyo ikaenea kila mahali. Inasafiri kwenye nyaya mbili, A na B, kwa mtindo wa RS-485. Nyaya hizo zinaweza kufika mita 1,200 kwa kasi ndogo, mradi zipite kifaa hadi kifaa kwa mstari mmoja bila matawi, na kila ncha ya mstari ifungwe rezista ya omu 120. Upande wa bodi unachomeka kigeuzi cha USB, nacho hujitokeza kama `/dev/ttyUSB0`. Ukiwa na vigeuzi viwili, majina hayo yanaweza kubadilishana bodi inapowaka upya, na mota ya kwanza ikasomeka kama ya pili. Tumia majina marefu yaliyomo kwenye `/dev/serial/by-id`. Hayo hayabadiliki ovyo.

Mita na bodi lazima zikubaliane mambo manne: kasi, usawa wa biti, biti za kusimama, na anwani ya mita, ambayo ni kati ya 1 na 247. Moja likikosewa, jibu ni kimya. Bodi ikikaa kimya, anza na hayo manne, kisha jaribu kubadilishana A na B, kwa sababu watengenezaji hawakubaliani ipi iitwe ipi. Kubadilishana huko hakuunguzi kitu.

Kitabu cha mita kinasema volti ya fezi ya kwanza iko kwenye rejista 30001. Ukiandika 30001 kwenye Node-RED hutapata kitu. Tarakimu 3 ya mwanzo inaeleza aina tu ya rejista, ile inayosomwa kwa amri namba 4, na hesabu ya kweli inaanzia sifuri. Kwa hiyo unaomba anwani 0, rejista mbili. Mita inajibu: 17254 na 32768.

Wengi hudhani hapo kwamba mita ni mbovu. Ni nzima. Rejista moja ya Modbus hubeba biti 16, yaani namba kamili isiyozidi 65,535, na haina nafasi ya nukta. Mita imeigawa namba yenye nukta vipande viwili. Ukiandika 17254 kwa mfumo wa tarakimu kumi na sita unapata 4366, na 32768 ni 8000. Ukiziweka pamoja, 43668000, kisha ukazisoma kama namba ya nukta ya biti 32, unapata 230.5. Hiyo ndiyo volti. Ukigeuza mpangilio, 8000 ikatangulia, unapata namba hasi ndogo mno ambayo skrini itaionyesha kama sifuri. Mita nyingine hutanguliza kipande cha pili kwa makusudi, kwa hiyo jaribu mipangilio yote kabla ya kuilaumu.

Usiiamini hiyo 230.5 kwa sababu tu inafanana na volti ya nyumbani. Linganisha na kioo cha mita yenyewe, kisha linganisha na maltimita yako kwenye vituo vya paneli. Fanya hivyo kwa kila kipimo, hasa ampea, kwa maana mita ikiwa imewekewa uwiano usio wake wa transfoma za mkondo, itakupa namba safi, tulivu, na iliyokosewa mara kadhaa.

Waya uliokatika usijifanye sifuri

Vihisi vya zamani vya presha na kina cha tangi havizungumzi Modbus. Vinatuma mkondo kati ya miliampea 4 na 20. Tangi tupu ni 4, tangi lililojaa ni 20, na nusu tangi ni 12. Waliopanga hivyo walikuwa na akili: mkondo ukiwa 0, ina maana waya umekatika au kihisi kimekufa, wala si kwamba tangi ni tupu. Raspberry Pi haina uwezo wa kusoma mkondo wa namna hiyo moja kwa moja, kwa hiyo nunua moduli inayogeuza 4–20 kuwa Modbus na uiunganishe kwenye nyaya zile zile mbili. Kisha kwenye Node-RED weka sharti: chochote chini ya miliampea 3.6 kiandikwe kuwa hitilafu ya kihisi, kisiandikwe kama kina cha maji.

Busara hiyo hiyo itumike kwa mfumo mzima. Mita ikiacha kujibu, Grafana inaweza kuendelea kuonyesha namba ya mwisho kana kwamba kila kitu ni salama. Tengeneza taarifa ya hatari inayolia pale data mpya isipofika kwa dakika tano. Hiyo iwe ya kwanza, kabla hata ya ile ya volti.

Usisome zaidi ya unavyohitaji. Vipimo kumi kila sekunde ni rekodi 864,000 kwa siku. Vipimo hivyo hivyo kila sekunde kumi ni 86,400. Joto la mota halibadiliki kwa sekunde moja. Weka pia muda wa kuhifadhi, kwa mfano siku 90 kwa data kamili na wastani wa kila saa kwa miaka ijayo, la sivyo diski itajaa siku ambayo hakuna anayeitazama.

Funga milango

Modbus haina nenosiri. Yeyote aliyeshika nyaya zile mbili, au aliyefika kwenye poti 502 ya Modbus ya mtandao, anaweza kusoma kwa amri namba 3 na 4, na anaweza pia kuandika kwa amri namba 5, 6 na 16. Mita, inveta na PLC hazitamuuliza yeye ni nani. Hapa kanuni ya jicho bila mkono inageuka kuwa kazi ya vitendo: kwenye Node-RED usiweke hata kisanduku kimoja cha kuandika, na pale kifaa kinaporuhusu kufungiwa uandishi, ufunge.

Halafu pita mlango kwa mlango. Kihariri cha Node-RED hakina nenosiri mpaka uliweke. Grafana huja na `admin` kwa jina na `admin` kwa nenosiri; badilisha siku hiyo hiyo. Mosquitto tangu toleo la 2.0 huwakubali walio ndani ya bodi tu mpaka uiambie vingine, na ushauri wa kuruhusu watu wote waingie bila jina, unaorudiwa sana na wenye haraka, usiufuate. Ukitaka kuona grafu ukiwa nyumbani, tumia mtandao binafsi kama WireGuard. Kamwe usifungue poti za ruta ili dunia nzima ione paneli yako.

Mwaka 2010 kiligunduliwa kirusi cha Stuxnet, kilichoshambulia PLC za Siemens zilizoendesha mashine za kurutubisha urani huko Natanz, Iran. Kiliharibu mashine kwa kubadilisha kasi zake, na wakati huo huo kilirudia kuonyesha vipimo vya kawaida kilivyokuwa kimevirekodi awali. Waendeshaji walitazama skrini na kuona amani. Skrini yao ilikuwa inapata habari kutoka kwa mkono ule ule uliokuwa unaharibu. Mashine yako ya sembe haina maadui wa ngazi hiyo, lakini somo lake linakuhusu: jicho lenye mita yake na nyaya zake, lisilopitia PLC, ni shahidi wa pili.

Kabla hujafunga mlango wa paneli

Chapisha karatasi moja na uibandike ndani ya mlango. Andika humo anwani ya bodi kwenye mtandao, anwani ya kila mita, kasi ya Modbus, orodha ya rejista unazosoma, na mahali ilipo kadi ya akiba. Nenosiri lisiwepo hapo. Likae kwa mwenye kiwanda ndani ya bahasha. Wewe utahama, utaugua au utapata kazi nyingine, na fundi atakayekuja asilazimike kuanza upya kutafuta kwa nini 17254 ni volti.

Mwishowe, mwenye kiwanda akifurahia grafu atakuomba jambo moja zaidi: kitufe cha kuzimia mota kutoka kwenye simu. Mkatalie kwa adabu, na mwelekeze kwa fundi wa PLC.